Na Wengine

Mimi karani wa mizani, ya magunia, si ya mashairi,
ghala la korosho, Nachingwea, upande wa reli iliyong'olewa.
Msimu ukiisha na vumbi la maganda likatulia
narudi chumbani, nafungua kabati la vyombo
lisilo na chombo hata kimoja.

Wamesimama humo arobaini na mmoja.
Si mashujaa. Shujaa nilipewa bure siku moja,
upanga wake wa taa, kifua kama mlango wa lori;
nikampa mtoto wa jirani, akamzika mchangani.
Mimi nawataka wale wa nyuma:
kama huyu mwenye macho matano aliyekaa pembeni ya baa
katika sinema ya sayari yenye miezi miwili,
akanyanyua kikombe, hajanywa,
kamera ikapita.

Huja ndani ya belo la mitumba, wamekwama
kwenye mguu wa suruali ya mtoto wa Ulaya,
na Fatu Mchopa ananiwekea pale gulioni:
"Karani, shetani wako huyu hapa. Mia tano."
Mia tano!
Mtu kavuka nyota zote hizo.

Majina aliwapa Nalinga
wa kibanda cha video nyuma ya mashine ya kusaga,
hamsini mlangoni, gunia ndilo pazia.
Alitafsiri huku anatafuna muhogo mbichi;
Kiingereza kikimkimbia, anajaza Kimwera,
Kimwera kikiisha, anajaza mtaa.
"Huyu wa kijani ni Chinguluwe, anakwepa ushuru.
Huyu wa magamba, mwalimu wa zamu.
Yule mwenye shingo tatu mwacheni, amefiwa."
Nasi tukamlilia yule mwenye shingo tatu.
Sekunde nne alizopewa, tukazilia zote.

Miaka imepita, nikaiona tena sinema ile kwenye simu,
bila Nalinga, bila muhogo.
Hakufiwa. Alikuwa anapiga chafya.
Jina sikubadilisha. Kabatini ni Mfiwa,
na tarehe ishirini ya kila mwezi namfuta vumbi wa kwanza.

Mmoja alikuja hana mkono.
Nikampeleka kwa Likwena, anayechonga vinu na miguu ya vitanda.
Hakucheka. Alimgeuza, akampima kwa kucha,
akauliza, "Kwao huko, vidole vingapi?"
Nikasema sijui, kamera haikuonyesha.
"Basi saba," akasema, "asije akapungukiwa."
Mkono wa mpingo, mweusi, mzito kuliko mwili;
tangu siku hiyo anasimama kaegemea upande
kama mtu anayesikiliza ukutani.

Dada yangu Somoe akija hupiga hesabu kwa sauti:
bati moja, bati la pili, mbuzi jike,
nusu ya mlango wa chuma.
Simjibu. Hesabu yake ni sahihi.

Ila juu ya kabati kuna picha, hiyo haipigii hesabu.
Ya enzi za mradi wa karanga. Trekta, kofia, kaptula;
Wazungu watano, na chini yao majina matano,
mkato,
kisha: *na wengine*.
Mstari wa nyuma, wa tatu kutoka kushoto, ni babu.
Wote wanatazama kamera. Yeye kageuza uso,
anatazama kitu kilichobaki nje ya picha.
Bibi alisema ni mvua. Baba alisema ni mdai.
Nalinga ningemuuliza, lakini Nalinga alihamia Liwale
na kibanda sasa wanauza vocha.

Jumamosi Fatu kaniletea wa arobaini na mbili.
Simjui. Sinema yake sijaiona, labda sitaiona.
Kichwa kama jongoo aliyejikunja, miguu midogo,
unyayoni herufi zimesuguliwa hazisomeki.
Nilimshika mpaka taa ikakatika.
Kabatini hakuna nafasi, nikamweka juu, kando ya picha,
nikamzungusha uso kidogo, kidogo tena.

Sasa wanaotazama huko ni wawili.